Matela ya korosho: faida huvujia pembeni

Wawekezaji wadogo wa Masasi na Newala wanaonunua matela yaliyotumika kwa ajili ya msimu wa korosho huangalia zaidi bei na matairi. Ni makosa. Cha kukagua kwanza ni kuta za pembeni zinazofunguka kwa bawaba ili makuli wapakie na kushusha magunia, kwa sababu hapo ndipo maji huingilia.

Hesabu yake si ngumu. Katika minada ya Oktoba 2024 bei ilipita Sh. 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo gunia la kilo 80 ni Sh. 320,000, na tela la tani 30 hubeba mali ya Sh. milioni 120. Magunia kumi yakilowa, Sh. milioni 3.2 zimeingia kwenye ugomvi kati ya mwenye mzigo na mwenye gari, na mwenye gari hashindi mara nyingi. Korosho ghafi iliyolowa hushuka daraja au hukataliwa, na gunia la juti halizuii hata tone.

Mvua nayo haikosi. Minada ya Tanecu na Mamcu huanza Oktoba. Mvua za kusini hufika Novemba au Desemba, wakati mzigo ungali unasombwa kutoka maghalani kwenda Mtwara.

Kinachoua bawaba zaidi, hata hivyo, si kazi bali ni kulala. Msimu ukiisha tela huegeshwa chini ya mkorosho hadi Septemba. Kutu hushika makomeo. Vumbi jekundu la uwandani huchanganyika na grisi ya zamani likawa kama msasa. Turubai lililokunjwa bichi huoza kwenye mikunjo, na panya humalizia. Oktoba ikifika, na foleni ghalani ni ndefu, bawaba hugongwa kwa nyundo. Ukuta hupinda, mwanya hubaki, mwanya huzibwa kwa matambara. Baada ya hapo tela hushuka mteremko wa Newala likiwa limejaa, mzigo ukiegemea kuta hizo hizo.

Wakati wa matengenezo ni Julai na Agosti, fundi wa kuchomelea akiwa hana foleni. Grisi ya zamani iondolewe kwanza kwa dizeli na brashi, mpya ipakwe kidogo. Tabia ya kumwagia oili chafu iachwe, kwani hukusanya vumbi kuliko inavyolainisha. Mpira wa ukingoni uliokauka ubadilishwe wote, si kipande. Kisha tela lifungwe, mtu akae ndani, lipigwe maji kutoka nje. (Zoezi hilo lifanyike Masasi, Newala maji yana thamani yake.) Kazi yote hiyo haifikii thamani ya magunia kumi yaliyotajwa.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye ubia. Watu wanne au watano huchangia kununua tela, lakini mapato ya msimu hugawanywa Februari hadi shilingi ya mwisho, na Agosti hakuna anayetaka kutoa mfukoni. Sehemu ya kila safari inapaswa kuwekwa kando kabla ya kugawana. Wanaotegemea kwamba msimu ujao utalipia matengenezo wakumbuke Novemba 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa Sh. 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaanza kusomba mzigo. Mwenye gari binafsi hana uhakika wa safari hata moja mpaka mzigo uwe umepakiwa.

Anayetaka kununua tela msimu huu aombe kwanza kila ukuta ufunguliwe na kufungwa mbele yake. Ikihitajika nyundo na watu wawili, bei ipunguzwe kwa gharama ya bawaba zote na mpira wote, au tela liachwe hapo lilipo.