Sajili ya wapigakura isafishwe kuanzia kwa naibu chifu
Na Chelagat Rotich

Sajili ya wapigakura huharibika kwa njia mbili: kwa kubakiza majina yasiyostahili kuwamo, kama ya marehemu na ya waliojiandikisha mara mbili, na kwa kukosa majina yanayostahili, ama kwa kuwa wenyewe hawakuwahi kusajiliwa au kwa kuwa wamefutwa. Nchini Kenya kosa la kwanza ndilo hupigiwa kelele kila uchaguzi unapokaribia, ilhali Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 83, inaliogopa zaidi la pili, kwani inaagiza taratibu za usajili zimrahisishie raia anayestahili kupiga kura, wala zisimnyime haki hiyo.

Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007 baada ya ghasia zilizoiumiza Eldoret kuliko sehemu nyingi za nchi, ilikadiria kwamba sajili ya wakati huo ilibeba marehemu wapatao milioni 1.2, na papo hapo ikaonyesha kwamba karibu thuluthi moja ya waliostahili hawakuwamo. Sajili ile ilitupwa nzima na wananchi wakaandikishwa upya kabla ya kura ya maamuzi ya 2010. Usafi huo haukudumu, kwa sababu watu hawaachi kufa: ukaguzi wa kampuni ya KPMG wa mwaka 2022, ambao sheria inataka ufanywe kabla ya uchaguzi mkuu, ulikuta kumbukumbu 246,465 za waliofariki na 481,711 zilizojirudia.

Zilizojirudia zinaweza kunaswa na mashine kwa kulinganisha alama za vidole. Kifo ni jambo jingine. Mzee akifia nyumbani Chepsaita, katika eneobunge la Turbo kaunti ya Uasin Gishu, jamaa humwarifu naibu chifu, wakapata kibali cha mazishi, wakazika. Cheti cha kifo huja kutafutwa pale shamba linapohitaji kurithiwa au pesa zinapokuwa zimelala benki. Kumbukumbu ya kifo isiyo na nambari ya kitambulisho huiachia Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) jina tupu, na miongoni mwa Wakalenjin jina tupu halimtambulishi mtu, kwa kuwa majina mengi hufuata saa na hali ya kuzaliwa. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Kiprop au Jerop, aliyezaliwa usiku ni Kipkemboi au Jepkemboi, na kijiji kimoja huwa nao wengi. Kufuta kwa kutegemea jina ni kurusha mshale gizani.

Tena makosa haya mawili hayana uzito sawa. Jina la marehemu lililosahaulika halipigi kura lenyewe. Ili litumike, ni lazima mtu aupite mtambo wa KIEMS, yaani kifaa kinachomtambua mpigakura kituoni kwa alama za vidole. Ni kweli kwamba pana mlango wa pembeni: vidole vikikataa, karani hutafuta kwa nambari ya kitambulisho na fomu maalumu hujazwa mbele ya mawakala wa vyama. Lakini mlango huo unawafaa hasa watu ambao vidole vyao vimelika kwa jembe na kuvuna mahindi, na anayetaka ufungwe kwa hofu ya wafu atakuwa amewafungia wakulima wa Uasin Gishu. Aliye hai akafutwa hana mlango wowote, kwani Kenya haina kura ya muda inayopigwa na kuhifadhiwa huku madai ya mpigakura yakichunguzwa.

Kufungiwa nje kwa walio hai kumeonekana kwingine pia. Zanzibar mwaka 2009 uandikishaji kisiwani Pemba uliingia katika mgogoro uliousimamisha kwa muda, kwa kuwa wasio na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi walikataliwa, na njia ya kukipata ilipitia kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa ngazi ya chini. Huko Marekani, Mahakama ya Juu iliruhusu mwaka 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4, utaratibu wa jimbo la Ohio wa kuwafuta walioacha kupiga kura kwa miaka kadhaa bila kuijibu kadi waliyotumiwa kwa posta. Utaratibu huo ukiletwa mahali ambapo barua za ukoo mzima huenda kwenye sanduku la posta la shule, matokeo yake hayahitaji mtafiti.

Mwaka 2022 wananchi walipoikagua sajili, wengine kwa kutuma ujumbe kwa nambari 70000, baadhi yao waligundua kwamba wamehamishiwa vituo vingine bila kuomba. Ukaguzi wa aina hiyo humsaidia anayejua kwamba upo. Asiyejua hulipata jibu kituoni, siku ya kura.

IEBC ilirejelea usajili endelevu tarehe 29 Septemba 2025, na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Muda unatosha kuagiza kwamba naibu chifu asitoe kibali cha mazishi ya mtu mzima kabla ya kujaza nambari ya kitambulisho cha marehemu, au kueleza kwa maandishi kwa nini haikupatikana, na kwamba majina yanayokusudiwa kufutwa yabandikwe kwenye ofisi yake na kituoni kwa siku 30. Anayedai kuwa hai aje na kitambulisho tu. Kuthibitisha kwamba amekufa kuwe mzigo wa Tume.