Anayeacha kompyuta Kibondo afanye hesabu kwanza

WILAYANI Kibondo, kazi ya shirika kambini huhesabiwa kuwa bahati. Tangu wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, na tena mwaka 2015 kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya, mzazi aliyeuza maharage kusomesha mtoto amekuwa na ndoto moja: mtoto apate mkataba, atume fedha nyumbani. Ndiyo maana kijana wa kompyuta, aliyetoka chuoni miaka mitatu tu iliyopita, akitamka kwamba anataka kuacha, wakubwa wake humwona mvivu, au aliyerogwa.

Hawamtendei haki. Kijana huyo hutunza orodha ya maelfu ya watu. Programu ikigoma siku ya mgawo foleni inasimama, na simu inayoita ni yake, hata usiku. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutambua uchovu wa namna hii, likieleza kuwa si ugonjwa bali ni matokeo ya msongo wa kazi usiodhibitiwa: mtu huishiwa nguvu, huichukia kazi na ufanisi wake hushuka. Mkulima anaijua hali hiyo. Shamba lililolimwa mahindi mwaka hadi mwaka bila mbolea wala kupumzishwa haliitwi vivu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Likizo hiyo idaiwe kwanza. Wapo wanaotaka kuacha kazi wakati wanachohitaji ni mwezi wa usingizi.

Akishaamua kuondoka, hapo ndipo penye kuteleza. Mikataba ya miradi kwa kawaida ni ya muda maalumu, na kanuni za mwaka 2007 hazimruhusu mwenye mkataba huo kujiuzulu njiani apendavyo, isipokuwa mwajiri awe ameuvunja kwa kiasi kikubwa au wakubaliane. Fao la kukosa ajira la NSSF, ambalo ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita, halimhusu aliyeacha kwa hiari. Bodi ya Mikopo nayo, inayokata asilimia 15 ya mshahara, haifuti deni eti kwa sababu mdaiwa sasa analima.

Na kulima kwenyewe? Vijana husema watarudi shamba "kupumzika"! Mvua za Kibondo na Kasulu huanza Oktoba au Novemba. Anayeacha kazi Januari amekwisha kuchelewa mahindi, atashika maharage ya Februari na Machi. Muhogo hukaa ardhini mwaka au zaidi. Muda wote huo anakula akiba, na akivuna maharage anauza wakati kila mtu anauza.

Hata hivyo, kubaki kambini nako si salama. Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na mashirika mengi duniani yakapunguza watumishi.

Njia ya tatu haizungumzwi sana. Wapo wanunuzi wa mazao Kasulu na Kibondo ambao madeni, magunia na malipo ya wakulima yote yamo kwenye daftari moja la kaunta. Likilowa, biashara imelowa. Kazi ipo. Tatizo ni malipo: mfanyabiashara humlipa fundi pikipiki bila ubishi, lakini wa kompyuta humwambia, "Nisaidie kidogo, mdogo wangu." Hapo wafanyabiashara nao wana lao la kujibu.

Anayeifikiria njia hii aijaribu akiwa bado na mshahara: mnunuzi mmoja, msimu mmoja wa maharage, kwa bei iliyoandikwa. Asipopata wa pili anayelipa kabla mkataba wa kambini haujaisha, na auongeze kwa mwaka mmoja, akianzia na zile siku 28 za likizo.