Kiswahili Kisiachwe Langoni mwa Chuo Kikuu

Kila mwaka vijana wa mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Muhuta, Magara na Rumonge hadi Nyanza-Lac, hupanda gari kwenda Bujumbura kuanza masomo ya juu. Huenda na vyeti vyao, na godoro, na lugha mbili wanazozimudu barabara: Kirundi cha nyumbani na Kiswahili cha ziwani. Vyeti hupokewa ofisini na kuandikwa daftarini. Lugha zote mbili huachwa langoni. Makala haya yanakusudia kusema waziwazi kwamba jambo hilo ni hasara kwa mwanafunzi, kwa chuo na kwa nchi, na kwamba sisi tulio walimu wa Kiswahili hatuna ruhusa ya kulinyamazia.

Hali yenyewe inafahamika. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964 kikiitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, ni chuo kikubwa cha umma, na lugha yake kuu ya mihadhara, mitihani na tasnifu imekuwa Kifaransa tangu siku ile hadi leo. Walakini mji unaokizunguka hauishi kwa Kifaransa. Mwanafunzi akishuka kutoka kilima cha Kiriri hadi Buyenzi kushonesha suruali, kununua sabuni au kutafuta chumba cha kupanga, hupatana bei kwa Kiswahili. Akipanda tena kilimani hukikunja na kukitia mfukoni. Mtu aliyekuwa hodari wa maneno saa nne sokoni huwa bubu saa tano darasani, na mwalimu wake hudhani kwamba hana akili.

Vijana wanaporudi Muhuta kwa likizo hutueleza mambo haya, na masimulizi yao hayatofautiani sana. Mmoja wao, mtoto wa mvuvi, alikuwa akisoma elimu ya viumbe katika chuo kimoja cha umma mjini. Siku moja mhadhiri aliuliza kwa nini wavuvi wa ziwa letu hupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Kijana huyu alilijua jibu tangu utoto wake: dagaa, ambao sisi huwaita ndagala, hupanda juu usiku na kukusanyika penye taa za mitumbwi, lakini mbalamwezi ikienea juu ya maji yote, taa hazina tena nguvu ya kuwavuta. Alilijua kuliko wenzake wote ukumbini, na hakulisema, kwa sababu sentensi yake ya Kifaransa ilikuwa haijakamilika kichwani. Mwenzake aliyepata kulisoma jambo hilo kitabuni alijibu, akasifiwa. Huyu wetu alitoka ukumbini akiamini kwamba elimu ni kitu kinachotoka kwa watu wengine na kwamba alichofundishwa na baba yake hakihesabiwi.

Yafaa tujiulize ni nani aliyepata hasara siku ile. Mwanafunzi alipoteza heshima yake mbele ya nafsi yake. Lakini mhadhiri naye alipoteza shahidi, na ukumbi mzima ulipoteza somo ambalo lisingepatikana katika kabrasha lolote. Chuo kisichoweza kumsikia mtoto wa mvuvi akieleza habari za samaki kimejiziba sikio chenyewe.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili si lugha yetu, ni lugha ya wafanyabiashara na Waislamu wa mijini, na kwamba mahali pake ni sokoni. Hoja hii ni ya zamani, na haikubuniwa na Warundi. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, Kiswahili kilitazamwa kwa jicho la shaka na wakuu wengi wa shule na misheni kwa kuwa walikihusisha na Uislamu. Kikabaki lugha ya mitaa kama Buyenzi na ya miji ya pwani ya ziwa kama Rumonge. Hata leo mjini neno “Mswahili” hutumiwa na baadhi ya watu kumtaja mjanja asiyeaminika. Tunapomwona msomi wa leo akikunja uso kwa kusikia Kiswahili ukumbini, hatumwoni akiulinda utamaduni wa Kirundi. Tunamwona akiendeleza hukumu iliyotolewa na wageni, tena kwa lugha ya wageni.

Isidhaniwe kwamba tunataka Kirundi kisukumwe kando. Kirundi ndicho lugha ya taifa zima, na chuo kikuu kinawiwa deni kubwa zaidi na Kirundi kuliko na Kiswahili. Walimu wa Kirundi wakilidai deni hilo tutasimama pamoja nao. Sisi tunasema juu ya Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichopewa kukifundisha, na kwa kuwa lugha mbili zinazofukuzwa kwa mlango mmoja hazina sababu ya kugombana nje.

Wapo pia wasemao kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa masomo ya juu. Watu hawa wangefanya vyema kufungua vitabu kabla ya kutoa hukumu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, ikafundisha isimu na fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hicho ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Istilahi hazisubiriwi zishuke kama mvua. Huundwa na watu wanaozihitaji kazini, na madhali mwanafunzi wetu amekatazwa kazi hiyo, hawezi kulaumiwa kwa kutokuwa nazo.

Hoja ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu hutoka mara nyingi vinywani mwa walimu wa Kiswahili. Husemwa kwamba Kiswahili cha ziwani kimeharibika: mtoto husema “mutu” badala ya “mtu”, huchanganya ngeli, huingiza maneno ya Kirundi na ya Kifaransa. Ni kweli kwamba mwanafunzi anapaswa kujifunza Kiswahili sanifu, na sisi hatutaacha kumsahihisha. Lakini tukumbuke sanifu ilikotoka. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaisawazisha. Sanifu nayo ilikuwa lahaja ya watu wa mahali fulani, waliosema kama walivyosema mama zao. Samaki tunayemwita mukeke hapa huitwa mgebuka Kigoma, na ni samaki yuleyule. Mwalimu mwenye busara humpa mwanafunzi jina la pili bila kumnyang’anya la kwanza. Mwalimu anayemwambia mtoto kwamba lugha aliyokuja nayo ni takataka asishangae kumwona akiitupa yote, sanifu na isiyo sanifu, mara afikapo chuoni.

Wapo vijana ambao jambo hili limewaumiza zaidi. Baada ya mauaji ya mwaka 1972, yaliyowakimbiza watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac, familia zao ziliishi Tanzania katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko watoto walisoma shule za msingi kwa Kiswahili. Baada ya mwaka 2007 sehemu ya watu hao walirudi, na watoto waliokwisha kujua hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili wakawekwa katika madarasa ya Kifaransa kana kwamba hawakujua kitu. Waliovumilia hadi chuo kikuu walifika huko wakiwa wamekwisha kuanza upya mara moja maishani. Kuwaambia kwamba Kiswahili chao hakina thamani ni kuwaambia kwamba miaka yao ya ukimbizini haikuzaa hata elimu.

Tutazame na majirani zetu. Kenya ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika katiba yake ya mwaka 2010. Rwanda ilikiongeza kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kukiweka Kiswahili katika masomo ya shule za msingi. Hilo ni jambo jema, nasi tunakula mkate wake. Lakini sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilizitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili hakikuwamo. Kwa hiyo mtoto hufundishwa Kiswahili shuleni, na akifika mahali ambapo angeweza kukitumia kufikiri, huambiwa muda wake umekwisha.

Wala si suala la heshima tu. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, na Mamlaka ya ziwa hilo ina makao yake Bujumbura. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda yakaingia nyumbani na mashambani, Gatumba, Rumonge na kwingineko. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mvuvi wa Muhuta akitaka kujua kwa nini, na mwenzake wa Kigoma, Uvira au Kalemie akitaka kumweleza, watazungumza kwa Kiswahili. Mtaalamu aliyesomeshwa kwa fedha za umma, asiyeweza kuketi kati yao akaeleza hali ya ziwa kwa lugha hiyo, elimu yake imekatika njiani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. Kwanza, popote Kiswahili kinapofundishwa kama somo katika vyuo vyetu vya umma, kifundishwe, kitahiniwe na kiandikiwe tasnifu kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa. Pili, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aruhusiwe kuuliza swali kwa Kirundi au Kiswahili katika madarasa ya mazoezi, na apewe jibu bila dhihaka. Tatu, kila tasnifu ihusuyo ziwa, uvuvi, michikichi au afya ya watu wa mwambao iwe na muhtasari wa Kirundi na wa Kiswahili, na nakala moja ipelekwe katika tarafa iliyochunguzwa, ili waliotoa habari wasome kilichoandikwa juu yao. Nne, chama chetu kikusanye maneno ya kazi ya watu wa ziwani, ya nyavu, mitumbwi, pepo na samaki, kwa msaada wa wanafunzi wenyewe wakati wa likizo, yachapishwe katika kurasa hizi.

Pendekezo la nne li mikononi mwetu na halingoji idhini ya mtu. Hayo matatu yatapingwa, na wapinzani watatuambia kwamba Kifaransa humfungulia kijana dunia. Tunakubali, na tunataka vijana wetu wakijue vizuri kuliko wanavyokijua sasa. Lakini mlango wa dunia haufunguliwi kwa kumfungia mtu mlango wa kwao. Mwezi wa likizo ujao vijana watarudi tena Muhuta. Tuwapokee na madaftari, tuwaulize majina ya pepo na ya samaki, tuyaandike. Watakapopanda tena kilima cha Kiriri, wawe wanajua kwamba wapo watu waliosoma wanaoihesabu elimu hiyo kuwa elimu.