Kabla kijana hajapanda boti, mchunguze nahodha

Mama mmoja wa Tunduma ameniandikia. Mwanawe wa miaka 20 amechoka kubeba mizigo mpakani, na wiki ijayo anashuka Ziwa Rukwa kujitolea kwenye boti ya uvuvi mpaka aijue kazi. Mshahara hakuna, atakula chakula cha kambi. Mama anauliza ampe dawa gani ya malaria.

Namjibu kwanza alichouliza. Kumeza dawa ya malaria bila kupima sishauri. Kijana abebe chandarua chenye dawa, na akipata homa akapime siku hiyo hiyo, asisubiri kesho. Lakini malaria, pamoja na ukali wake, mara nyingi humpa mtu nafasi ya kufika kituo cha afya. Maji hayampi. Mtu aliyezama akikosa hewa kwa dakika nne au tano, ubongo huanza kufa. Na katika barua yote sikuona mahali ambapo nahodha ametajwa, wala boti yenyewe.

Hilo limenishangaza, kwa sababu watu wa Tunduma ni mabingwa wa kuuliza. Kijana akitaka kuwa utingo wa lori la kwenda Zambia au Kongo, ukoo mzima unahoji: gari la nani, dereva ana miaka mingapi barabarani, anakunywa, tairi zikoje, breki je? Hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Kijana huyo huyo akielekea ziwani, midomo inafungwa. Nadhani ni kwa sababu anakwenda kujitolea, na anayejitolea huona amefadhiliwa, hana haki ya kuuliza. Mimi naona kinyume. Anatoa nguvu zake bure na anaweka maisha yake mikononi mwa mtu asiyemjua. Kama kuna mwenye haki ya kuuliza, ni huyo.

Kwa msomaji aliye mbali, Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na wengi wanaujua kwa foleni ya malori Tunduma na kahawa ya Mbozi. Wanasahau kwamba kupitia wilaya za Momba na Songwe mkoa huu unagusa Ziwa Rukwa. Ni ziwa la kina kifupi, na hapo ndipo watu hujidanganya. Upepo ukivuma kwenye eneo kubwa la maji ya kina kifupi, mawimbi huja mafupi, yamesimama wima na yanafuatana haraka. Boti yenye ubavu mfupi haijamaliza kuinuka kutoka wimbi la kwanza, la pili limeshaingia ndani. Halafu Rukwa ina mamba na viboko. Kujua kuogelea ni jambo jema, lakini kwa ziwa hili hakutoshi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa kwa kuzama, wengi mno wakiwa wa nchi kama zetu. Sisi hatuhitaji takwimu za mbali. Septemba 20, mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kilikuwa cha kubeba watu 101. Akihutubia taifa, Rais John Magufuli alieleza kwamba nahodha hakuwamo, usukani aliachiwa mtu asiye na mafunzo. Mizigo kupita kiasi na mtu asiyestahili kwenye usukani: mambo hayo mawili yalionekana kwa macho kabla kivuko hakijang'oa nanga.

Basi uchunguzi unafanywaje? Usianze na nahodha mwenyewe, kwa sababu kila mtu hujisifu. Anza na vijana walioacha kazi kwake. Waliondoka kwa nini? Kama ni fedha tu, endelea kusikiliza. Kama mmoja anasema "yule mzee haogopi kitu", hiyo isikufurahishe. Zungumza na uongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wale wanaoitwa BMU, na ofisa uvuvi wa halmashauri. Boti iliyosajiliwa ina namba na leseni. TASAC ndiyo yenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, kwa hiyo kuuliza kama chombo kimewahi kukaguliwa si ushushushu.

Kisha mfuate nahodha, umsalimie kwa heshima yake, umuulize jambo moja: "Shikamoo mzee. Mara ya mwisho kugeuza boti mkarudi nchi kavu kwa sababu ya upepo ilikuwa lini?" Nahodha mzuri atakuwa na kisa cha kukusimulia, pengine na hasara aliyoipata siku ile. Anayekujibu kwamba yeye hajawahi kurudi, mshukuru, kisha utafute boti nyingine. Anayekasirika kwa kuulizwa na kijana asiyemlipa hata senti, atakasirika zaidi usiku ziwani utakapomwambia maji yanaingia.

Mwangalie pia kama daktari angemwangalia. Analala saa ngapi? Mtu aliyekesha usiku kucha juu ya nyavu na mchana hakulala, akili yake hufanya kazi kama ya mlevi, hata kama hajaonja kitu. Na kama jioni umemkuta kwenye komoni, ujue usiku ataondoka nayo. Pombe humfanya mtu adharau wimbi, humpunguzia uwezo wa kusimama imara, na akidondoka humharakisha kuzama.

Boti yenyewe itazame inaporudi, si inapoondoka. Inapoondoka ni nyepesi na kila boti hupendeza. Inaporudi na nyavu zilizolowa, samaki na watu wote, angalia ubavu umebaki kiasi gani juu ya maji. Ukiona kiganja kimoja tu, umeshapata jibu. Iombe ukae ndani yake nusu saa ikiwa majini imetulia, uone maji yanaingia kwa kasi gani. Uliza lini mbao zilizibwa mianya mara ya mwisho. Injini ikizima, kasia ziko ngapi? Petroli imewekwa wapi, na jiko la mkaa liko wapi?

Halafu hesabu majaketi ya kuokolea maisha, na hesabu watu. Usikubali kuonyeshwa rundo lililofungwa kamba chini ya nyavu. Chukua moja ulivae, ufunge vifungo vyote. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri kifuniko linaweza kumweka mtu juu ya maji akilishikilia, na ni afadhali liwepo kuliko kukosa vyote, lakini mtu aliyechoka huliachia. Jaketi halimwachii.

Nitaambiwa kwamba kijana maskini hachagui boti. Nalijua hilo, na sitaki mzigo wote uwe wake. Mwenye boti aliyeweza kununua injini ameshindwaje kununua majaketi ya watu watano? Na wanaosimama mwaloni kukusanya ushuru wa samaki wangeweza, kwa macho yale yale, kuhesabu majaketi boti inapotoka. Hiyo kazi haihitaji bajeti mpya. Wakati tunaisubiri, kijana anaweza kuomba safari ya kwanza iwe ya mchana na isiende mbali na ufuko. Nahodha akikataa hata hilo, bado kuna mizigo Tunduma.

Wapo wasiopaswa kwenda kabisa. Mwenye kifafa ambacho bado kinamwangusha asiwe baharia. Degedege la dakika moja majini linaua. Mwenye pumu aongee na daktari wake kwanza, na dawa ya kuvuta abebe kwenye chupa isiyoingiza maji. Wote wawe wamechanjwa pepopunda, maana ndoano, misumari na miiba ya kambare haviwaonei huruma.

Na kabla ya safari, nahodha na vijana wake wajue la kufanya mwenzao akitolewa majini hapumui. Kumning'iniza kichwa chini au kumbonyeza tumbo ili atapike maji kunapoteza dakika ambazo hana, na kunaweza kupeleka matapishi kwenye mapafu. Mlazeni chali mahali pagumu, mwinueni kidevu, mbaneni pua, mpulizieni pumzi mdomoni mara tano, kisha mgandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, pumzi mbili, tena 30, bila kukata tamaa mapema. Huku mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji, kwa hiyo kabla ya kuondoka ulizeni mtandao unashika wapi. Akizinduka na kusema yuko sawa, bado apelekwe hospitali akaangaliwe kwa saa kadhaa, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji huweza kumlemea baada ya watu kurudi nyumbani wakishangilia.