Kipodozi ni Salama, Mchanganyaji Je?



Rangi ya mdomo isiyofutika upesi, wanja usiochuruzika kwa jasho na krimu isiyoacha utelezi, nyingi kati ya hizo zina kimiminika kiitwacho isododekani. Ni chepesi, hakina rangi, na kwa kawaida hutokana na petroli. Hulainisha ngozi kisha hukauka hewani. Ni mojawapo ya vitu vinavyowekwa badala ya silikoni ya D5, ambayo Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 0.1 katika vipodozi vya kuoshwa kwa maji kuanzia Januari 31, 2020, kwa ajili ya kulinda maji na viumbe wake.

Je, isododekani ni salama? Jopo la wataalamu wa vipodozi la Marekani limejibu kwamba ni salama kwa jinsi inavyotumika katika vipodozi. Hatubishi. Lakini jibu hilo ni la mpakaji. Mpakaji hutumia tone moja. Mchanganyaji kiwandani humimina pipa zima.

Kwa mchanganyaji, kimiminika hiki ni ndugu wa mafuta ya taa. Mvuke wake huweza kushika moto kikifikia joto la nyuzi 40 hadi 50 hivi, na ghala la bati wakati wa jua kali haliko mbali na joto hilo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko au swichi yenye cheche. Mikono inayokiloweka mara kwa mara hukauka na kupasuka. Akikinywa mtu, huweza kuingia mapafuni na kumwua. Mtu huyo asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa hiyo, mwajiri anayesema "hii ni dawa ya urembo tu, haina neno" anasema nusu ya ukweli. Na anayekimimina katika chupa tupu za soda bila kuandika kitu anatega mtego.

Sisi hatuombi fadhila. Mkataba Na. 170 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990 unasema kemikali ikihamishiwa chombo kingine, chombo hicho kionyeshe kilichomo, na mfanyakazi ana haki ya kuelezwa hatari zake. Mwaka 2022 Shirika hilo liliiweka kazi salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mwajiri wajibu wa kutulinda.

Watatuambia kwamba usalama ni gharama. Feni ya kutoa mvuke ina bei, ndiyo, na glavu pia. Lakini karatasi ya kubandika kwenye chupa ina bei gani? Kuhamisha jiko la chai mbali na mapipa kunagharimu nini?

Tunawataka viongozi wa matawi katika viwanda vya vipodozi waanze na mambo matatu: kila chombo kiandikwe jina na alama ya moto, karatasi ya maelezo ya usalama isomwe mbele ya wafanyakazi kwa lugha wanayoielewa, na mapipa yawekwe mahali penye hewa, mbali na moto. Mwajiri akikataa, jambo lipelekwe kwa mkaguzi wa kazi kwa maandishi.

Uso wa mteja una thamani. Mapafu na mikono ya mfanyakazi pia ina thamani.