BAHARI INAKULA MWAMBA, WAKUBWA WANAPIMA KWA MACHO

Kijana unayebarizi Coco Beach na muhogo wako mkononi, hebu tazama chini ya miguu yako. Huo mwamba ni wa matumbawe. Mawimbi huuchimba kwa chini, paa likabaki linaning'inia, siku moja likadondoka. Ukiusimamia juu huoni kitu.

Droni hupiga picha toka angani, kompyuta ikaziunganisha kuwa umbo la mwamba mzima. Lile pango la chini ndilo linaikwepa. Hapo huwekwa mashine ya leza ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Pima leo, pima mwakani: tofauti ndiyo iliyoliwa.

Watakwambia hayo ni ya Wazungu. Kweli, kule Holderness, Uingereza, halmashauri inapima tangu 1951, ilianza na nguzo tu, na takwimu inazianika hadharani. Lakini Zanzibar nako, kuanzia 2016, vijana wa SUZA walirusha droni kuchora ramani ya Unguja na Pemba. Vijana kama wewe!

Basi utaalamu upo. Kipimo kikianikwa, kigogo atajigawiaje kiwanja ukingoni, kisha adai kodi yako imjengee ukuta? Muulize diwani wako: kipimo cha mwisho kilichukuliwa lini, na kiko kabati gani?