Kuuliza Habari za Aliyepotea Si Uadui



Iko kauli moja iliyozoeleka katika vinywa vya watu wazima, na baadhi yao ni watu wa heshima. Kila inapotoka sauti ya nje kuuliza habari za mwandishi aliyepigwa, aliyefungwa au aliyetoweka, wao husema: "Hayo ni mambo yetu ya ndani. Hao wageni wanatafuta nini?" Kauli hii ina sura ya uzalendo, lakini ndani yake mna dhulma. Tumekusudia kuipima kwenye mizani ya haki, tuone kama ina uzito wowote.

Tuanze na jambo lenyewe. Tarehe 21 Novemba 2017, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi, alichukuliwa na watu wasiojulikana huko Kibiti, Mkoa wa Pwani. Yeye alikuwa akiandika habari za mauaji yaliyozikumba Kibiti, Mkuranga na Rufiji, ambako viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa mmoja baada ya mwingine. Siku hiyo alimpitia mkewe shambani akiwa katika gari pamoja na watu hao, akamwambia kwamba ana safari ya dharura na kwamba angerudi. Hakurudi. Mwezi Julai 2019, waziri wa mambo ya nje alitamka katika mahojiano na BBC maneno yaliyoeleweka kuwa Azory amefariki. Kisha akasema kwamba hakueleweka vizuri. Mke yule hakupewa mume wala kaburi. Eda hajui aikae au asiikae mwanamke wa namna hii, na watoto hawajui waseme "baba yupo" au "Mungu amrehemu".

Mwaka mmoja baada ya Azory kutoweka, walikuja Dar es Salaam wanawake wawili wa Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, yenye makao yake New York. Walikuja kwa mwaliko wa Baraza la Habari Tanzania, na miongoni mwa waliyotaka kuyaulizia ni habari za Azory. Usiku wa tarehe 7 Novemba 2018 walitolewa hotelini, wakanyang'anywa pasi zao za kusafiria na kuhojiwa kwa saa kadhaa, ndipo wakaachiwa na kuondoka nchini. Basi aliyepotea hakuonekana, na waliokuja kumuulizia wakageuzwa watuhumiwa. Ajabu iliyoje!

Sasa tuzitazame hoja za wale wanaosema tunyamaze.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba hawa ni wageni. Ni kweli, lakini ni wageni gani? Mmoja wa wanawake wale, Muthoki Mumo, ni Mkenya, jirani tunayepakana naye. Mwenzake, Angela Quintal, anatoka Afrika Kusini, nchi ambayo tuliipigania katika majukwaa yote ya dunia na hatukuona haya kuingilia "mambo yake ya ndani". Na siku ya tarehe 3 Mei, inayoadhimishwa duniani kote kwa ajili ya uhuru wa vyombo vya habari, haikuzaliwa Ulaya. Ilitokana na azimio la waandishi wa Kiafrika waliokutana Windhoek, Namibia, mwaka 1991. Basi mwenye kusema kwamba jambo hili ni la Wazungu, amewanyang'anya Waafrika kazi ya mikono yao.

Tena, tuulizane kwa insafu. Mgeni akifika mtaani kwako na kuuliza, "Mwana wa jirani yenu yuko wapi?", aibu ni ya nani? Ni ya mgeni aliyeuliza, au ni ya mtaa mzima ambao haukuuliza? Tunamkasirikia mgeni kwa sababu ametuonyesha kazi ambayo sisi tumeiacha.

Hoja ya pili ni kwamba waandishi ni waongo na wachochezi. Hatukatai kwamba wamo waongo. Lakini mafunzo tuliyopewa katika Suratul Hujurat ni kwamba ikija habari ya mtu asiyeaminika, tuichunguze habari. Hatukuambiwa tumfiche aliyeileta. Mwongo hujibiwa kwa ukweli, na akizidi hushitakiwa mchana kweupe, jina lake likasomwa na utetezi wake ukasikilizwa. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimshitaki Mwalimu Nyerere kwa maandishi yaliyotoka katika Sauti ya TANU, naye akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Mkoloni alikuwa dhalimu. Hata hivyo alimfikisha mshitakiwa mbele ya hakimu, na watu wakajua yuko wapi. Je, sisi tulio huru turidhike na hali iliyo chini ya hiyo? La hasha!

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, na tunaisikia sana katika barza zetu. Wanasema: "Wakubwa wa dunia wanalia juu ya mwandishi wa Afrika, lakini wa Palestina wakiuawa wananyamaza." Kuhusu serikali nyingi kubwa, hoja hii ni ya kweli, na ni haki kuisema kwa sauti. Lakini tusiwachanganye watawala na hawa wanaoorodhesha waandishi waliouawa. Shireen Abu Akleh alipopigwa risasi Jenin tarehe 11 Mei 2022, Kamati ileile iliyofukuzwa Dar es Salaam ilimuulizia. Mwaka 2023 ilitoa ripoti ya waandishi 20 waliouawa na jeshi la Israel katika miaka 22, ikaeleza kwamba hakuna aliyewajibishwa. Na vita vya Gaza vilipoanza Oktoba mwaka huohuo, ni Kamati hiyohiyo iliyotangaza kwamba hakujawa na kipindi kibaya zaidi kwa waandishi tangu ianze kuweka hesabu mwaka 1992.

Na sisi je? Jamal Khashoggi alipouawa tarehe 2 Oktoba 2018 ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul, ni wangapi kati yetu waliolitamka jina lake kwa ukali ule tunaoutumia kwa wengine? Mwenye kulaani dhulma ya adui na kuisamehe ya ndugu hajatetea haki. Ametetea kabila lake tu.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya mijini. Mkulima wa Irente, anayelima kabichi na viazi katika miteremko ya Usambara, yanamhusu nini? Yanamhusu kuliko mtu wa mjini, na historia ya milima hii ni ushahidi. Katika zama za Wajerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, walowezi wenye mashamba walikuwa na gazeti lao huko Tanga, Usambara-Post. Humo walilalamikia uhaba wa vibarua, na hata gavana wao Rechenberg walimshambulia bila hofu. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1907 hivi, Mshambaa alipewa kipande kilichomlazimu kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Mwenye shamba alikuwa na gazeti. Mwenye kipande hakuwa nalo. Leo ukitafuta malalamiko ya mwenye shamba utayakuta yamechapwa kwa urefu. Ya mwenye kipande utayatafuta kwa tochi.

Irente mpaka leo haina gazeti. Ukisimama kwenye jabali lake unaiona Mazinde chini kabisa, na magari yakipita barabarani kama sisimizi. Lakini aliye kule chini hajui yanayotokea huku juu. Habari hushushwa na mtu, kijana anayepanda kutoka Lushoto mjini, asiye na mshahara, anayelipwa kwa kila habari iliyochapwa. Ikiwa msitu umekatwa usiku, au fedha za zahanati hazijulikani zilikokwenda, ni yeye atakayeandika. Azory alikuwa mtu wa namna hiyo hasa. Mwenye gazeti kubwa mjini ana wakili na ana ukuta wa nyumba. Mwandishi wa kijijini ana kalamu na simu. Akipotea yeye bila kuulizwa, yule wa Lushoto atajifunza somo, naye hatapanda tena Irente. Hapo kijiji kizima kimezibwa mdomo, na hakuna hata mmoja wa wanakijiji aliyeguswa.

Wala tusidanganyane kwamba kuuliza hakufai kitu. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa mikononi mwa polisi huko Nyololo, Iringa, tarehe 2 Septemba 2012. Picha za waandishi wenzake zilionyesha yaliyotokea, watu wa ndani na wa nje wakapiga kelele, na mwaka 2016 askari mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinavunja mkataba wa Jumuiya. Waliofungua shauri hilo walikuwa Watanzania. Na Februari 2022 magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa, MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, yalirudishiwa leseni. Hakuna lolote katika haya lililoletwa na ukimya.

Basi, ndugu msomaji, lililo juu yetu ni dogo, nalo ni zito. Tusimwite adui mtu anayeuliza. Mbunge akija kuomba kura, aulizwe mbele ya watu: Azory yuko wapi? Inapofika tarehe 21 Novemba, tuwatajie watoto wetu jina hilo, wajue kwamba mtu hapotei kama mbuzi. Hatusemi nani alimchukua, kwani hilo ndilo swali lenyewe. Tunasema kwamba swali ni letu kabla ya kuwa la New York, na kuficha ushahidi ni dhambi hata kwa mtu aliyenyamaza tu.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zinazouliza haki, kwa ajili ya tunayempenda na tusiyempenda. Amin.